Chumba Nilichokisifu Bila Kukiona

Malindi, mwisho wa Mfunguo Tano

Kwa ndugu yangu Bi Mwanaesha binti Athumani, Lamu.

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipo, na baraka zake ziingie mlangoni pako kabla ya barua hii. Magoti yako yaonaje? Nataraji umeacha kupanda darini kuanika pilipili, ingawa najua hujaacha.

Kwa desturi ningekuandikia kwamba mimi ni buheri wa afya na sina neno ila kukukumbuka. Barua zangu zote zimeanza hivyo, hata ile niliyoiandika nikiwa na homa ya kutikisa kitanda. Hii haitaanza hivyo. Miguu imevimba, viatu havinienei. Kifua kinapiga filimbi. Kando ya kitanda pana kopo, na yaliyomo ndani yake sikuelezi. Jirani yangu, mama mwema, huniletea uji kila asubuhi, na kila asubuhi kidole chake gumba kimo ndani ya uji. Naunywa. Huyu ndiye kaka yako aliyekuwa akibadili kanzu mara mbili kwa siku, aliyekukemea ukiwa mtoto kwa kupenga kamasi mbele ya wageni.

Sidhani kama Maulidi yatanikuta. Sikuambii hili ulie. Nakuambia ujue kwamba ninayoyaandika ni ya mtu asiye na sababu ya kujipamba. Nina jambo la kukukiri na jambo la kukuomba. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee, hata yule mkweo.

Kuna mzungu wa serikali hapa ambaye watu wanamwita Bwana Leso, kwa kuwa akiingia mahali popote penye watu hujiziba pua kwa kitambaa cheupe. Sokoni amejiziba. Barazani kwa liwali amejiziba. Nilimchukia kwa hilo, kisha nikamwonea wivu, maana mimi pia ningependa kujiziba lakini adabu hainiruhusu. Kiswahili amejifunzia Unguja, na anakisema vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu.

Huyu bwana alikuwa na jambo moja moyoni, nalo halikuwa baya. Wageni waliokuja kulima pamba na mpira wamekuwa wakizibomoa nyumba za mawe za mashambani na kuyachukua mawe wajengee maghala. Nyumba zilizosimama tangu enzi za mababu zinakuwa misingi ya maghala ya pamba. Yeye akapata idhini kutoka kwa wakubwa wake achague nyumba moja ya kale ya shamba, iandikwe na kulindwa na serikali, isiguswe tena. Akauliza nani anajua nakshi na maandishi ya zamani. Akaambiwa, yuko mwalimu mmoja mtu wa Lamu, mgonjwa lakini ulimi wake mzima. Akanituma nikaitazame nyumba ya marehemu Mzee Salim, iliyoko shambani upande wa Gede, nimwandikie kama inastahili.

Nilipelekwa kwa punda. Mwenye punda ni Karisa, Mgiryama mwenye maneno mengi, ambaye njia nzima alikuwa akimsemesha mnyama wake.

“Twende polepole, umebeba elimu leo,” akamwambia punda. “Ikimwagika nani ataizoa?”

“Mwambie asinirushe,” nikasema. “Elimu ina mifupa.”

“Shikamoo mifupa,” akasema Karisa, akacheka mpaka akakohoa. Nami nikakohoa. Tukafika tukikohoa wote wawili, hata punda.

Nyumba ile, nduyangu, kwa nje ni gofu. Chokaa imebambuka, mkuyu umeota begani mwa ukuta. Harufu ya popo ilinipokea kabla ya mwenyeji. Si harufu, ni kitu kama kitambaa kilicholoa ulichotiwa kinywani. Darini pamejaa popo na sakafu ya daka, ukumbi wa mlangoni, imefunikwa na mavi yao, nisamehe, sina jina jingine la kuyaita. Juu ya mavi hayo, Hemedi bin Salim, mtoto wa marehemu, alikuwa ametandika mkeka mpya na kupanga sinia la pilau.

Hemedi ni mtu wa makamo, mnene, ana sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake. Alinikumbatia. Alinivua viatu kwa mikono yake. “Mwalimu, nyumba ni yako,” akaniambia. “Baba alikuwa akikutaja sana.” Babake sikupata kumjua. Nikala pilau lake. Nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa laini. Kwangu siku hizi nyama laini ni fitina kubwa.

Kisha akaniingiza ndani, na hapo nikasahau popo. Mwanaesha, ukuta wa chumba cha pili una vidaka vya kuwekea vyombo, kuanzia kiunoni mpaka juu ya kichwa, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake, na nakshi ya chokaa iliyochongwa ikiwa bado mbichi, majani na kamba na shanga, hakuna mkono uliotetereka. Ni ukuta kama ule wa nyumba ya bibi yetu kabla haujaanguka. Nilisimama pale nikausikia mtaa wetu. Nikausikia mlango wa bibi ukigonga, na wewe ukilia kwa sababu hukufika kidaka cha halua. Nilipitisha kidole, kikatoka na vumbi la popo, nikakifuta kwenye kanzu yangu bila kujali. Hicho kiwe kipimo chako.

Nyuma ya chumba hicho kipo chumba cha ndani kabisa, na mlangoni pake palikuwa na pazia jeupe. Nikanyoosha mkono nilivute. Hemedi akanishika.

“Samahani, mwalimu,” akaninong'oneza. “Mjane wa baba yumo. Anakaa eda.”

Nikaurudisha mkono kama niliyeungua. Unajua tulivyolelewa, mjane hatazamwi na mwanamume wa kando mpaka miezi yake minne na siku kumi iishe. Nikageuza uso ukutani, nikasema kwa sauti, “Pole kwa msiba, mama. Mungu akupe subira.” Ndani pakasikika mtu akikohoa, halafu akavuta pumzi kama anayetaka kusema.

Hemedi akasema upesi, “Amechoka, masikini.” Na akiwa anasema, akafuta vidole vyake vya pilau kwenye lile pazia. Kwanza kidole gumba, kisha vilivyobaki, kimoja kimoja. Nimeona mengi machafu katika maisha yangu na mengine yamo kwenye kopo hapa kando yangu, lakini kile kiliyapita yote. Mjane yuko ndani ya eda yake, na mtoto wa mumewe anamfanyia pazia kuwa taulo.

Na sikusema neno. Nilikuwa nimelishwa vizuri, popo walikuwa wamenichosha, nikataka kurudi nyumbani. Sikumwuliza mjane jina lake. Sikumwuliza kama ana neno. Nilijiambia kwamba adabu ndiyo iliyonizuia.

Hapa nikukumbushe jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua. Ulipofiwa na Shee Ali, mimi nilikuwa barazani kwako napokea watu wa pole. Akaja muuza samaki, akakupitishia nguru chini ya pazia. Ukamnusa. Kisha mtaa mzima ukakusikia: “Wee baba, rudi hapa! Mimi nimefiwa na mume, sikufiwa na pua!” Watu waliokuja kulia waliondoka wameshika mbavu. Basi mimi ni mtu aliyefundisha sheria ya eda kwa miaka, na nina dada aliyegombana na muuza samaki akiwa edani, nami nikajifanya sijui kwamba mjane ana ulimi.

Nikarudi nikaandika. Niliandika vizuri, nikijua ni maandishi yangu ya mwisho yatakayosomwa na wakubwa. Nikasema nyumba hii ni ya zamani kuliko mzee yeyote aliye hai. Nikasema hakuna mfano wake kutoka mto Sabaki mpaka Kilifi. Na nilipofika kwenye chumba cha ndani, ambacho sikukiona, kalamu haikusimama. Nikaandika kwamba vidaka vyake vinapita vya nje kwa uzuri. Kwa nini? Kwa sababu sentensi iliyotangulia ilikuwa nzuri na sikutaka kuikatiza kwa kusema sikuingia. Nikamalizia kwamba nyumbani humo hamna mtu mwingine ila jamaa za marehemu.

Bwana Leso akaniita ofisini. Alikuwa na furaha hata akasahau kitambaa chake mezani. Akaniambia wakubwa wamekubali. Nyumba itatengenezwa dari, popo watafukuzwa, mlango utatiwa kufuli, na Hemedi atakuwa mlinzi wake, apewe mshahara wa serikali.

“Na wanaokaa ndani?” nikauliza.

“Hakuna atakayekaa,” akasema. “Moshi wa jiko unaharibu nakshi. Hemedi ana nyumba mjini. Amesema kuna mtumwa wao mmoja wa zamani, bibi kizee anayelala chumba cha ndani. Huyo atatoka kabla ya wiki mbili kwisha.”

“Chumba cha ndani yumo mjane wa marehemu,” nikasema. “Yumo edani.”

Akanitazama. “Hemedi amesema ni mtumwa wa zamani.”

Ndipo nikafahamu. Kwangu mimi, ambaye ningeweza kuingia, alimwita mjane, nisiingie. Kwa mzungu, ambaye angeweza kumpa haki, alimwita mtumwa, asipewe. Mtu ni mmoja. Kila mmoja wetu alipewa jina litakalomfunga macho, nasi tukafungwa.

Nikamwomba Bwana Leso asubiri. Nikamtafuta Karisa na punda wake.

Safari hii Hemedi hakuwapo. Nilikaa chini nje ya pazia, miguu yangu haikuweza kusimama, juu ya mkeka ule ule ambao sasa popo walikuwa wameuzoea. Alama za vidole vyake bado zilikuwapo kwenye pazia, za manjano.

“Hodi, mama,” nikasema. “Mimi ni yule mwalimu wa siku ile.”

“Karibu, mwalimu. Shikamoo.” Sauti ilikuwa ya mtu mzima, imara. “Wewe ndiye uliyekisifu chumba changu?”

“Marahaba. Ndimi.”

“Ulikionea wapi?”

Akaendelea, wala hakunionea huruma. “Nimesomewa ulichoandika. Hemedi alinisomea mwenyewe, nakala aliyopewa na serikali, akifurahi. Nikasema, huyu mwalimu ana macho makali, anaona kupitia nguo. Vidaka vipo, sikatai. Kimoja naweka mafuta yangu ya nazi. Kimoja kina kuku anayeatamia. Hukumwandika kuku wangu.”

Karisa, aliyekuwa amekaa mlangoni, akageuka kucheka kwenye kwapa lake.

Nikamwuliza jina. Ni Mwanakheri. Alizaliwa katika shamba lile lile, mama yake akipeta ufuta wa Mzee Salim. Mzee alimwacha huru zamani, kabla serikali haijaufuta utumwa, akamwoa kwa nikaha, mbele ya kadhi aliyekuwapo wakati ule na mbele ya Hemedi mwenyewe, aliyekuwa kijana na aliyekula halua ya harusi hiyo mpaka akaumwa tumbo. Mke mwingine alikwisha kufa. Yeye ndiye aliyemwosha mzee miguu miaka yake ya mwisho, naye ndiye aliyefunga kidevu chake.

“Ulitaka kusema siku ile,” nikamwambia. “Nilikusikia ukivuta pumzi.”

“Nilitaka. Kisha nikakusikia umegeuza uso ukutani. Sauti yako ilikuwa inatoka ukutani. Nikasema, huyu hataki.”

Mwanaesha, nimetukanwa na watu wengi, wengine kwa haki. Hakuna aliyenipata kama huyu.

Nikamwuliza anataka nini.

“Siitaki nyumba kwa uzuri wake,” akasema. “Sakafu hii nimeisugua kwa magoti kabla sijawa mke wa mtu. Uzuri wake naujua kwa upande wa chini. Nataka nimalize eda nilipoianzia. Halafu nataka thumuni yangu, sehemu moja ya nane, kama mke yeyote aliyefiwa na mume mwenye watoto. Thumuni ni chumba hiki na njia ya kwenda kisimani. Hayo tu. Nikipewa kibanda nje, Hemedi atasema nilikuwa mtumwa na nimepewa kibanda cha mtumwa, na watu wataamini, kwa sababu watakiona kibanda.”

“Toka nikupeleke kwa bwana wa serikali,” nikasema. “Sheria inaruhusu, ni dharura.”

“Siku hizi ni za mume wangu,” akasema. “Si za bwana wa serikali. Nenda wewe, una punda.”

Nikaenda. Na nataka ujue kwamba nilijaribu ukweli kwanza. Nilimweleza Bwana Leso kila kitu, nikakiri kwamba chumba cha ndani sikukiona na kwamba kuandika kwamba hamna mtu ila jamaa, bila kumtaja mjane, kulikuwa uzembe wangu. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema mjane atajengewa kibanda kizuri, chenye dirisha. Nikamweleza thumuni. Akasema atamwombea fedha kidogo badala yake. Nikamweleza eda. Akasema anaheshimu dini zote. Kisha akaifungua barua yangu mwenyewe akanisomea: “Hakuna mfano wake kutoka mto Sabaki mpaka Kilifi.”

“Umeniandikia wewe, mwalimu,” akasema. “Mtu hupita. Kitu kama hiki kikipotea hakirudi.”

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayependa kitu, na hilo ndilo lililoniudhi, maana nilijisikia mimi mwenyewe kinywani mwake. Mimi pia, siku ile mbele ya vidaka, nilipenda hivyo hivyo, mpaka nikageuza uso ukutani, nikampa kisogo mtu aliyekuwa akikohoa.

Basi nikasema uongo.

Nikamwambia, “Bwana, lipo jambo nililificha kwa haya. Vidaka vile si vya kale. Nimevisifu kwa sababu ni kazi ya marehemu baba yangu.”

Akaweka karatasi chini.

Nikamwambia kwamba baba yetu, Athumani, alikuwa fundi mwashi wa Lamu. Kwamba katika ujana wake aliletwa Malindi na babake Mzee Salim, akachonga ule ukuta kwa kuiga nakshi za kale, na chokaa yake ilikuwa mbovu, ndiyo maana inabambuka. Nikamwambia nilipouona ukuta mapenzi ya mtoto yakanizidi, nikaongeza miaka. Nikasema nyumba za namna ile ziko nyingi, na nyingine bora.

Baba yetu, Mwanaesha! Aliyekuwa akinakili misahafu kwa kalamu ya tete, na akimwona mwashi barabarani hukunja kanzu mpaka magotini! Ambaye hakupata kushika mwiko, hata wa kukorogea uji! Ambaye alitoka Lamu mara moja maishani mwake, akatapika njia nzima, akarudi na kuapa! Nilimsimamisha juu ya jukwaa la mwashi, na chokaa mpaka viwikoni, nikamwacha huko. Naamini ananingoja kwa bakora.

Akanitaka niapie. Nikaapa, kwa maneno yale yale ninayowafundisha watoto wasiyachezee. Nikatia sahihi bila kumwaga wino, kwa mkono huu ambao siku hizi humwaga hata maji.

Bwana Leso alikunja kitambaa chake akakitia mfukoni. Kwa mara ya kwanza nikautazama vizuri mdomo wake. Ni kijana tu, ana kidonda pembeni ya mdomo. Akasema, “Pole, mwalimu,” kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Serikali hailindi nyumba iliyochongwa jana, akasema, na akaifuta katika orodha yake. Yeye aliumia kweli, na mimi niliyemwumiza nilitoka pale nikitafuta mahali pa kutema mate.

Siku iliyofuata nikaenda kwa kadhi. Kwa kuwa nyumba imerudi kuwa mali ya marehemu tu, ikagawiwa kama mali ya marehemu. Ndoa kadhi alikuwa anaijua, kadhi aliyemtangulia aliiandika. Mwanakheri ameandikiwa thumuni yake, chumba cha ndani na njia ya kisimani, wala nyumba haiuziki kwa mtu wa pamba bila yeye kukubali.

Hemedi alinijia hapa chumbani. Ile sauti ya kubembeleza ilikuwa imemwishia.

“Umenivunjia nyumba, mwalimu!”

“Sijavunja,” nikasema. “Imesimama. Nenda ukaiangalie.”

“Babako hakuwa mwashi! Wewe ni mwongo mzee unayenuka!”

Yote mawili yalikuwa kweli, nikamkaribisha uji. Aliuona, akatoka.

Lakini hakunyamaza. Amekwenda kwa Bwana Leso kumwambia nimeapa uongo, na Bwana Leso, kwa kuwa ni mtu wa haki, amesema hatahukumu kwa neno la mtu mmoja. Atakuja Lamu kwa kazi nyingine, na atabisha mlangoni kwako akuulize: Marehemu babako alikuwa na kazi gani? Ndiyo sababu ya haraka ya barua hii. Naipeleka kwa stima ya posta ikuwahi.

Ukimwambia babetu alikuwa mwandishi wa misahafu, utakuwa umesema kweli, na nyumba nzuri kuliko zote upande huu itatiwa kufuli na kuhifadhiwa, na Mwanakheri atatolewa edani apewe kibanda chenye dirisha. Ukimwambia alikuwa mwashi, utakuwa mwongo kama mimi, na mvua ya masika itaingia darini, na ukuta ule utaanguka kama wa bibi ulivyoanguka. Usidhani sikuupenda. Usiku nikifumba macho vidole vyangu bado vinapita katika zile nakshi. Nimeuua ukuta ule kwa ulimi wangu, na chumba ambacho nilikisifu bila kukiona nikakitukana bila kukiona, na mpaka leo sikijui, ila najua kina kuku.

Sikuamrishi. Ukiona ulimi wako hauwezi, usiulazimishe. Mimi sitakulaumu huku wala huko niendako. Ila nakuomba, kabla hujajibu, uyakumbuke yale mambo uliyokuwa nayo nyuma ya pazia, uliyotaka kuyasema na watu wakageuza uso.

Kiapo kina kafara. Kufunga siwezi, tumbo langu halina tena cha kufunga. Nilishie masikini kumi kwa mapato ya minazi yangu ya kule Hidabu, uwalishe wali mzuri, usiwe wa kunuka moshi. Na toba nimeijaribu. Toba inataka mtu ajute na aazimie kutorudia. Kujuta najuta, kwa baba, kwa ukuta, kwa yule kijana mwenye kidonda. Kuazimia ndiko kunakonishinda. Nikiletwa tena ofisini kesho, baba atapanda tena jukwaani.

Nisalimie mwanao aliyerithi sauti yako, na mumewe, ingawa asipewe barua hii. Nisalimie imamu wetu, ambaye niliiba naye zambarau, umwambie bado anadaiwa dua. Nisalimie somo yako mshona kofia. Ile ya mwisho aliyonishonea ndiyo nitakayozikwa nayo kando, kama wakiniruhusu. Na dada yetu wa kunyonya ziwa moja, ukimwona, mwambie nimemsamehe kwa yule mbuzi aliyempoteza utotoni.

Bwana Leso akikuuliza kwa nini kaka yako aliandika hivi, kisha akageuka akaandika vile, mwambie ni mzee, na harufu ya popo ilimpanda kichwani. Hilo unaweza kulisema bila dhambi.

Mungu akuweke. Ni mimi kaka yako, niliyefiwa na yote ila pua,

Abubakari bin Athumani, mwana wa mwandishi, au wa mwashi, upendavyo.